Ndege wa Kuokota Asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Sifa,

Jumanne iliyopita nilimpeleka mama yako kisiwani. Ndiyo, kile kile. Nilimzungusha kama ninavyowazungusha wageni, maana sijui namna nyingine ya kutembea pale, nikamrudisha salama nyumbani kwangu, mtaa wa Mapendo, hapa Goma. Tangu siku hiyo mama yako anaimba. Anaimba akinawa uso, anaimba akichambua maharagi. Ungekuwa hai ungemwambia anyamaze, kwa sababu sauti yake bado ni mbaya na wewe hukuwa mtu wa kuficha unachofikiri.

Niseme neno moja mapema, tusizungushane. Mama yako anaamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo chako. Ameamini hivyo tangu nikiwa mtoto, na mimi nimemwacha aamini. Aliyekuua ni mimi. Nikimwambia nitampoteza, na sina mama mwingine. Wewe hayo unayajua kuliko mtu yeyote, lakini barua hii nimeiacha wazi, na wengine watakaoisoma hawakuwapo.

Basi tuanze na kisiwa, kama papa, baba yangu, alivyokuwa akianza. Kisiwa chetu ni mdomo wa volkeno ya zamani uliotokeza juu ya Ziwa Kivu. Upande mmoja ulibomoka maji yakaingia, kwa hiyo kinafanana na bakuli lililovunjika ukingo. Papa alikuwa mlinzi wa kambi ndogo ya wageni pale, na wageni wakifika ndiye aliyewatembeza. Mimi na yeye tulikaa peke yetu katika nyumba ya mawe meusi nyuma ya jiko la kambi, kwa kuwa mama yangu alikufa siku aliyonizaa. Matembezi ya papa hayakubadilika. Kwanza ufuko wa mchanga mweusi, ambapo wageni walivua viatu kisha wakarukaruka kwa joto. Halafu miamba ya minandi, wale ndege weusi wanaotandaza mabawa juani kama watu wanaoanika mashati. Halafu ghuba ya ndani, maji yametulia na pembeni yanatoa mapovu, na ukiwa na bahati fisi maji anatoa kichwa, anakutazama, anazama. Halafu kupanda ukingoni kuitazama Nyiragongo ikitoa moshi na Nyamulagira ikijificha nyuma yake. Wageni walisema ni pazuri mno, na papa alikubali kana kwamba yeye ndiye aliyepajenga.

Shimo aliliweka mwisho. Lilikuwa bonde dogo upande wa magharibi, upana wa uwanja wa nyumba, na hakuna chochote pale cha kumtisha mtu: nyasi, mawe, kimya. Chini yake hutoka pumzi ya volkeno. Haina harufu, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala bondeni kama maji ndani ya sufuria. Sisi watu wa Goma tunaiita mazuku. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, inafika kifuani mwa mtu mzima. Mchana upepo unaipunguza, na mtu mzima anaweza kukatiza pale asijue lolote. Mtoto hana urefu huo, wala mbuzi.

Papa alimfunga kuku kamba miguuni akamshusha polepole mbele ya wageni. Kuku alipiga mabawa kidogo, akalegea. Wanawake wakapiga kelele. Papa akahesabu kwa Kifaransa chake cha kuokota, akamvuta juu, akampepea kwa kofia, na kuku akafumbua jicho, akasimama, akatembea kama mlevi. Wageni wakapiga makofi. Nimeuona mchezo huo mara nyingi kuliko nilivyoona misa, na sikuwahi kuona kuku asiyeamka. Hilo ulishike, Sifa. Sikupi kama kisingizio.

Kisha vita vikashuka kutoka Masisi. Wageni walikatika kwa siku moja, kama maji ya bomba. Papa alisikia kwamba dada yake yuko Mugunga, kwenye kambi ya wakimbizi, akavuka na mtumbwi kumtafuta, na kesho yake akarudi na nyinyi wawili. Baba yako alikuwa amekataa kuwaacha ng'ombe wake. Ng'ombe hawakuonekana tena, wala yeye. Mama yako alishuka mtumbwini, akatazama mawe, akamtazama papa.

"Kaka, hii njo fasi unaishi? Majiwe tupu! Ng'ombe itakula nini hapa?"

"Ng'ombe haiko tena, dada," papa akamwambia. "Ukae."

Wewe ulisimama nyuma yake, miguu imevimba, meno ya mbele yameachana, umevaa mfuko wa unga uliotobolewa matundu ya mikono. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe kumi. Nilikuonea huruma kwa muda wa mlo mmoja. Kwenye mlo wa pili ulimfanya papa acheke, na papa hakuwa mtu wa kucheka na watoto. Ulimwigiza yule padri wenu wa Masisi anavyopiga chafya katikati ya mahubiri. Papa alicheka hadi sambaza, dagaa wa ziwa letu, zikamtoka mdomoni, na mimi niliyekuwa nimemkaangia hizo sambaza sikuona cha kuchekesha.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikukupenda. Tulilala blanketi moja na ulipiga mateke. Uliniita yaya, kama huku kwetu mtoto anavyomwita dada yake mkubwa, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Uliniambia majina ya ndama wote wa baba yako. Ulifika katikati ukalia, ukafuta pua, ukaanza upya kutoka wa kwanza. Uliogopa ziwa, nikakufundisha kuelea, mkono wangu chini ya mgongo wako. Ulipoweza uliniangalia kwa dharau, ukasema, "Yaya Espe, kumbe hii ni kitu rahisi! Wewe ng'ombe utajua siku gani kukamua? Utaolewa na nani?" Niliutoa mkono. Ukanywa maji kidogo. Tukacheka wote, na wewe ndiye uliyecheka zaidi.

Na unakumbuka ile siku ya matembezi. Ulinisumbua asubuhi nzima: "Unionyeshe kila kitu ile bazungu banakuyaka kuangalia." Nilivaa kofia ya papa. Wewe ulijifanya mzungu, jani la mgomba kichwani, kipande cha sabuni kikawa kamera. Nilikupitisha ufukoni, miambani, ghubani, ukingoni, nikisema yote kwa sauti ya papa, na wewe kila mahali ulijibu "Wiii, wiii, manifik!" ukipiga picha kwa sabuni. Juu ya ukingo uliacha mchezo. Ulitazama upande wa Masisi, ambako vilima vyenu vilionekana kidogo, bluu, ukauliza kama ng'ombe wanaweza kuonekana kutoka hapa. Nilikwambia ndiyo, ukitazama sana. Ulitazama hadi macho yakakutoka machozi. Huo ulikuwa ukatili wangu wa kwanza, mdogo, na ulinifurahisha.

Shimo sikukuonyesha siku ile. Nilikwambia matembezi yamekwisha.

Kisha ikaja ile nguo. Papa alikuwa na kitenge cha mama yangu ndani ya sanduku, cha kijani chenye michoro ya mahindi. Ndicho kitu pekee cha mama kilichobaki. Mimi nilikuwa naruhusiwa kukinusa, si kukigusa. Siku moja nilitoka kuchota maji nikakuta mama yako ameketi mlangoni anashona, na wewe unazunguka mbele yake kwa kijani kile, umekatiwa hadi magotini. Nilimwendea papa.

"Ile ni ya mama."

"Wewe uko na nguo," akanijibu, akiendelea kufuma wavu. "Huyu alikuja na ngozi yake tu. Mutu ya kufa haivalake nguo."

Ulinifuata nje ukaniuliza kama inakupendeza. Nilisema inakupendeza sana. Na ilikupendeza, ndiyo iliyonichoma. Sikuwahi kuwa na mama, na sasa ulikuwa na wako aliye hai, na wangu pia, mgongoni na kiunoni, na papa akikutazama kwa jicho nililodhani alikuwa amelizika.

Jioni ile nilikwambia habari ya ndege. Nilikwambia kuna mahali upande wa magharibi ambapo asubuhi ndege wanalala chini, unaokota tu, kama viazi. Hilo lilikuwa kweli. Ndege wadogo walikuwa wakishuka shimoni alfajiri kutafuta wadudu na hawakupanda tena. Papa aliwazoa kutoka juu, kwa wavu wa mpini mrefu, mapema kabla ya wageni kuamka, ili mchezo wa kuku usiharibike. Mtoto wa Goma akiona ndege waliokufa bondeni anakimbia. Mtoto wa vilima vya Masisi, mwenye njaa, anaona nyama. Ulitaka kumwambia mama yako, nikakukataza. Nikasema tutampikia tumshangaze. Ulinikumbatia. Ulinuka sabuni ya sanduku la papa.

Nilitaka uzimie, Sifa. Hapo ndipo akili yangu ya mtoto ilipoishia. Uzimie kama kuku, uanguke na ile nguo yako, uamke unatembea kama mlevi, na mimi nikucheke. Nilidhani mazuku inampa mtu adabu na kumrudisha.

Asubuhi papa alikuwa amevuka kwenda Goma kutafuta unga. Mama yako alikwambia, "Sifa, wende utafute kuni kule ngambo ya magharibi, kuko matawi mingi." Papa alikuwa amemkanya asiwaache watoto waende upande ule asubuhi. Lakini mama yako alikuwa ameshakatiza pale mara mbili mchana, na kuni kichwani, na hakuona kitu. Alituambia papa anawatisha watu kwa mambo ya Goma. Kwa hiyo alikutuma, na mimi nikasema nitakusindikiza, na nikachukua kamba ya kuni.

Ndege walikuwepo, labda sita. Ulipiga vigelegele vya chini.

"Ju ya nini banalala, yaya?"

"Wamechoka."

"Na wewe haushuke?"

"Mimi nachunga hapa juu, watu wasije kutunyang'anya."

Watu gani, kisiwa kizima tulikuwa watatu. Lakini uliniamini. Ulishuka ukiinua nguo isichafuke. Uliokota mmoja, ukaokota wa pili, ukageuka kunionyesha, mkono juu, meno yako yale yote nje. Ukainama kumchukua wa tatu. Kisha ukapiga magoti kama mtu aliyedondosha hereni, ukalala.

Nilingoja. Nilihesabu kwa Kifaransa kama papa. Hesabu ya kuku ilikwisha, nikahesabu tena. Kamba ya kuni ilikuwa mkononi mwangu. Kuku wa papa alifungwa kabla ya kushushwa. Wewe sikukufunga, kwa sababu ningekufunga ungejua. Na kushuka sikushuka, kwa maana nilijua kila mtu wa Goma anachojua, kwamba anayeshuka kumtoa mwenzake analala juu yake. Kuna siku huwa najisifu kwamba nilikuwa mtoto mwenye akili.

Nilipopiga kelele, mama yako alikuja mbio bila kiatu. Alikuona. Angeruka, na kwa alivyokuwa ameinama angekufa pale pale. Nilimkamata miguu, nikamwangusha, nikamng'ang'ania. "Shangazi, mazuku! Shangazi, mazuku!" Alinipiga, akaniuma bega, alama ninayo hadi leo. Sikumwachia mpaka upepo wa mchana ulipoanza na papa akatokea na mtumbwi. Papa alikutoa kwa upondo. Alikupepea kwa kofia. Alikupepea muda mrefu sana.

Kaburi lako halikuchimbika, kisiwa chote ni mwamba. Tulikulaza kule juu ukingoni, panapoonekana Masisi, tukakujengea mawe juu, ukiwa na kitenge cha mama yangu, kwa kuwa hukuwa na nguo nyingine. Papa aliniuliza mara moja tu, "Ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa nyuma, nakusanya kuni. Alitazama kamba mkononi mwangu, haikuwa imefunga hata kijiti. Hakuuliza tena hadi alipokufa, na kuku hakumshusha tena, hata wageni waliporudi na kumwomba.

Mama yako alinipa malipo yangu jioni ile ile. Aliniita, akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa, akasema, "Wewe njo umebakia. Wewe njo uliniokoa." Tangu hapo akawa mama yangu. Alinisuka kwa chanuo lako. Tulipohamia Goma alinisubiri mlangoni mwa shule, akanitetea kwa walimu, akanipaka mafuta nilipougua surua. Siku ya harusi yangu alilia kuliko wote. Nilikuua nikapata mama, na alikuwa mama mzuri, ni haki uambiwe. Nilikuwa nikikuonea wivu hata alipokutaja.

Alichobaki nacho ni kutotuma mtoto. Huku kwetu mtu mzima anatuma mtoto hata kijiko kilicho karibu na mguu wake. Mama yako hajatuma. Watoto wangu watatu hawajawahi kusikia "niletee" kutoka mdomoni mwake. Goti limeharibika, mwendo wake ni wa kuburura, lakini akitaka maji anainuka mwenyewe, anapita katikati ya watoto watatu wazima waliokaa, anachota. Mume wangu alidhani ni kiburi cha watu wa ng'ombe. Mimi nilikaa pale pale nikamwangalia akiburura mguu, miaka yote hiyo.

Na unajua nilifanya kazi gani? Ya papa. Amani ilipokuja kidogo nilirudi kisiwani kutembeza wageni. Mchanga, minandi, fisi maji, milima. Shimo sasa lina kibao chenye fuvu, tunalionyesha kwa mbali. Kila kundi lina mmoja anayeuliza kama kuna mtu aliyewahi kufa pale. Ninajibu, "Mtoto mmoja, zamani, mkimbizi. Hakujua." Wanainamisha vichwa. Kisha wanapiga picha. Nimeeleza habari zako kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kote nimedanganya.

Sasa vita vimerudi, wageni hawapo, na macho ya mama yako yameingia ukungu. Mwezi uliopita aliniomba aone mahali penyewe kabla hajafa. "Nipeleke nione fasi mutoto yangu alilala, mbele nikufe." Alishaomba zamani, nikawa namwambia mawimbi, nikawa namwambia askari, nikawa namwambia goti lake. Safari hii sikupata uongo mpya. Nilimtafuta mvuvi mmoja mwenye mtumbwi. Pale ufukoni askari alituuliza tunakwenda wapi, nikamwambia tunakwenda kutembea.

"Mama, vita iko, nyinyi munaenda turisme?" Alicheka sana, akatupisha.

Nilichagua mchana, wenye upepo. Wewe nilikuchagulia asubuhi.

Nilimshika mkono nikamtembeza, na kwa kuwa haoni vizuri ilibidi nimwambie kila kitu. "Uniambie kile niko naangalia," alisema. Nikamwambia huu ni mchanga mweusi. Akaweka mguu, akautoa haraka. "Inawaka! Na bazungu banavuka maji ju ya hii?" Nikamwambia wale ni minandi. Nikamwambia hii ni ghuba, na fisi maji akatoa kichwa, sikumwambia kwa sababu angeanza kumtafuta. Ukingoni alipapasa mawe yako moja moja, akaondoa majani, akakuambia habari za ndugu, nani kafa, nani kahamia Bukavu. Nilimwonyesha upande wa Masisi. Akauliza kama vilima vinaonekana leo. Nikasema vinaonekana, na safari hii ilikuwa kweli.

Kisha akasema, "Na ile fasi yenyewe."

Tulisimama kwenye ukingo wa Shimo, karibu na kibao. Nyasi zilikuwa zinatikisika. Mama yako alipiga magoti, na goti lile likalia.

"Sifa, ni mimi mama yako. Mujomba yako alinikataza, nikamucheka. Nikakutuma kuni. Mutoto wangu, unihurumie." Alingoja. Kwa kweli alingoja jibu, kichwa ameinamisha upande. Kisha akanigeukia. "Batu ba kufa habajibuke. Espe, wewe njo yaya yake, mulilalaka blanketi moja. Unisamehe wewe ju yake."

Hapo, Sifa. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa na upepo, palikuwa na mchana, hapakuwa na mtu wa kusikia ila mvuvi na yeye alikuwa amelala mtumbwini. Maneno yote nilikuwa nayo. Nilimtazama yule mwanamke mzee kwa magoti yake, mwenye ukungu machoni, aliyenisuka nywele, nikaogopa kama mtoto kwamba atauondoa mkono wake mkononi mwangu na hatanirudishia.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Nikamwekea na mkono kichwani, kama padri. Akanibusu mkono huo. Akalia kilio cha mtu aliyeshushiwa gunia, na kilipokwisha akainuka peke yake, akasema ana njaa.

Hicho ndicho kisa cha kuimba. Amewaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba binti yake amemsamehe, wakaja kunishika mikono. Mmoja alisema nina moyo wa pekee. Juzi nilikuwa jikoni nikamsikia mama yako akimwambia mwanangu mdogo, "Niletee maji, mutoto." Mtoto alisimama bila kujua afanye nini, maana hajawahi kutumwa na bibi. Sijawahi kumfanyia mtu jambo jema lililokuwa baya kiasi hicho. Ukatili wa shimoni ulikuwa wa mtoto. Huu ni wa mwanamke mwenye watoto watatu, na niliufanya kwa sauti ya upole.

Unaweza kusema niache hivyo, amestahili kufa akiimba. Nimelifikiria hilo siku zote hizi, na ni kweli amestahili. Lakini anaimba kwa sababu nimemsamehe kosa ambalo si lake. Na siku Mungu atakapomwita atakutana nawe mlangoni akishukuru kwamba yaya yako ni mwema, na utamjibu nini? Wewe hukuwahi kujua kudanganya. Sitaki asikie kwako.

Leo mchana ameketi karibu nami barazani ninapoandika. Amesikia kalamu.

"Uko naandika nini, Espe?"

"Barua, mama."

"Ya nani?"

"Ya Sifa."

Hakushangaa. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akasema niandike na yake, na mimi naiandika kama alivyoitoa: "Umuambie mama yake hana tena muzigo. Umuambie nitakuya, asiwe na haraka. Na umuambie yaya yake alinichunga muzuri, kuliko vile yeye angenichunga, maana yeye alikuwa mukaidi."

Hayo ndiyo maneno ya mama yako. Kisha akasema nikimaliza nimsomee yote, kuanzia juu, nisiruke. Najua kuruka. Nimesomea wageni vibao vingi nikiacha nisichotaka wajue, na yeye haoni karatasi, hatajua. Ningeweza kumsomea matembezi ya sabuni na majina ya ndama, tungelia pamoja, tungekunywa chai.

Sitaruka. Mlango wa barazani nimeufunga, watoto nimewapeleka kwa jirani. Ametulia, mikono mapajani, amenigeuzia sikio lake linalosikia vizuri, na anatabasamu kwa sababu anadhani ni barua ya mapenzi. Kwa vyovyote itakavyokuwa, leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kuwa na mama bila yeye kujua, na nimeutazama uso wake kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Lala, mdogo wangu. Ninamsomea sasa.

Yaya wako,
Espe